Spea za baiskeli kuukuu: Nunua kipimo, usinunue jina

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayekusudia kuingiza mtaji wake mdogo katika spea za baiskeli mjini Tukuyu anashauriwa kununua rula kabla ya kununua mali. Katika biashara hii faida hupatikana kwa kujua ni spea ipi inaingia katika baiskeli ipi. Anayenunua kwa kufuata jina la kiwanda, au inchi zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, hujikuta amejaza duka mali isiyotoka. Mbaya zaidi, anayemuuzia mteja spea isiyolingana anaweza kumpeleka mteremkoni bila breki.

Suala hili linawagusa kwa karibu wenye maduka na mafundi wa Bulyaga, kata iliyo ndani ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Mji huu uko juu milimani, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake inajulikana nchi nzima. Anayetoka hapa kwa barabara ya Uyole hadi Kasumulu kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa hushuka takriban mita 1,000. Chini kule ni tambarare, na baiskeli ni chombo cha kazi cha kila siku. Huku juu ni vilima, ndizi, viazi na maziwa. Baiskeli ileile inatakiwa ifanye kazi kote kuwili, mara nyingi ikiwa na mzigo mzito kuliko mwendeshaji wake.

Ni kweli kwamba pikipiki za bodaboda zimechukua sehemu kubwa ya abiria na mizigo iliyokuwa ikibebwa na baiskeli. Hata hivyo, baiskeli haihitaji petroli wala leseni ya udereva, na fremu ya chuma iliyotengenezwa miaka 50 iliyopita bado hubeba mkungu wa ndizi kama kawaida. Kinachokwisha ni spea, na ndiyo maana soko la spea linaendelea kuishi hata pale ambapo soko la baiskeli mpya limelala.

BAISKELI MOJA, ENZI TATU

Ukiichunguza baiskeli kuukuu katika sehemu nyingi za nchi hii utaona historia ya uchumi wetu imefungwa kwa nati na bolti. Fremu inaweza kuwa Raleigh ya Nottingham, Uingereza, iliyoletwa enzi za ukoloni au miaka ya mwanzo ya Uhuru. Ringi ya nyuma inaweza kuwa ya Phoenix ya Shanghai, China, au ya Hero ya Ludhiana, India. Usukani unaweza kuwa umetoka katika Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa nchini na kampuni ya umma ya NABICO. Pedeli huenda ni za baiskeli ya mtumba kutoka Japani au Ulaya.

Mchanganyiko huu una sababu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika, na mwaka 1983 Serikali iliendesha msako dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Katika hali ile fundi alifunga chochote kilichopatikana, na mwenye baiskeli alishukuru. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na mpango wa kufufua uchumi ulipofuata mwaka 1986, milango ilifunguliwa. Spea za China na India zikamiminika, na baadaye zikaja baiskeli za mitumba zenye vipimo vingine kabisa.

Matokeo yake ni kwamba muuza spea anahudumia enzi tatu kwa pamoja: vipimo vya Kiingereza vya inchi, vipimo vya milimita, na vipimo vya baiskeli za kisasa za milimani. Kila enzi ina inchi zake na nyuzi zake. Majina yanayopigwa chapa juu ya vifaa hayamsaidii mnunuzi. Uzalishaji wa Raleigh mjini Nottingham ulifikia mwisho mwaka 2002, kwa hiyo kifaa kipya kinachouzwa leo kwa jina hilo hakikutoka katika kiwanda kilichotengeneza fremu ya babu. Kinaweza kuwa kizuri sana, lakini jina lake si uthibitisho kwamba kitaingia.

INCHI 26 ZISIZOFANANA

Tairi ndilo spea inayochakaa haraka kuliko nyingi, na ndilo linalowaponza wafanyabiashara wapya kuliko kifaa kingine chochote. Sababu ni kwamba inchi zinazoandikwa ubavuni hueleza kwa makadirio upana wa gurudumu zima likiwa limejazwa upepo. Hazielezi ukubwa wa ringi ambayo tairi hilo linakalia.

Tuchukue matairi yanayoitwa 26. Tairi la 26 x 1 3/8, linalotumika katika baiskeli nyingi za Kiingereza na za Kijapani, linakaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 590. Tairi la 26 x 1.75, la baiskeli za milimani, linakaa kwenye ringi ya milimita 559. Tofauti ni milimita 31, zaidi ya inchi nzima, ingawa yote mawili yanaitwa 26. Lipo pia la 26 x 1 1/2 ambalo ringi yake ni milimita 584. Kinachoshangaza zaidi ni kuwa 26 x 1.75 na 26 x 1 3/4, ambazo kwa hesabu za shule ya msingi ni namba ileile, ni matairi mawili tofauti: la kwanza ni la ringi ya 559 na la pili ni la ringi ya 571.

Kwa upande wa 28, tairi la baiskeli nzito za zamani zenye breki za fimbo, yaani 28 x 1 1/2, hukaa kwenye ringi ya milimita 635. Hilo ndilo la Raleigh kubwa za kazi, na Phoenix na Hero za aina hiyo zinalitumia pia. Lakini mitumba mingi ya Ulaya iliyoandikwa 28 x 1 5/8 x 1 3/8, au 700C, ina ringi ya milimita 622. Hata baiskeli mpya zinazoitwa 29 zina ringi hiyohiyo ya 622, kwa hiyo 29 na 700C ni ndugu, wakati 28 ya zamani na 28 ya mtumba si ndugu.

Kati ya hizo kuna 27 ya Japani na Ulaya yenye ringi ya 630. Huyu ni mdanganyifu mkubwa, kwani tofauti yake na 635 ni milimita 5 tu, na kwa macho huwezi kuiona. Kuna pia 27.5 ya baiskeli mpya za milimani, ambayo mtu angedhani iko jirani na 27, kumbe ringi yake ni 584.

Dawa ya mkanganyiko huu ipo na haina gharama. Chini ya kiwango cha kimataifa cha ISO 5775, tairi hupigwa chapa ya namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 37-590 au 40-635. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili ni kipenyo cha ringi. Namba hiyo ya pili ndiyo bidhaa unayonunua. Kama kwenye tairi la jumla haimo, mwombe muuzaji alijaribishe kwenye ringi mbele yako, au uliache.

HESABU YA MATAIRI SABA

Wasomaji wetu wenye mitaji midogo watauliza kama kosa la tairi moja moja linaweza kuua duka. Tuangalie mfano ufuatao. Bei zake ni za kurahisisha hesabu tu, wala hazielezi bei za sokoni.

Tuseme umenunua matairi 40 kwa shilingi 15,000 kila moja, nawe unauza kwa shilingi 18,000. Umeweka shilingi 600,000, na kila tairi linakupa faida ya shilingi 3,000. Hii maana yake ni kwamba tairi moja lisilotoka linakula faida ya matairi matano yaliyotoka.

Kama matairi 6 kati ya hayo 40 ni ya kipimo kisichotakiwa, utauza 34 na kupata faida ya shilingi 102,000. Matairi 6 yaliyobaki yamefunga shilingi 90,000. Mkononi umebaki na shilingi 12,000 kabla ya kodi ya pango, nauli na ushuru. Kama yaliyokosewa ni 7, faida ya 33 yaliyouzwa ni shilingi 99,000, na fedha iliyolala ni shilingi 105,000. Tayari uko katika hasara ya shilingi 6,000, ingawa duka lako linaonekana lina wateja.

Ndiyo maana wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Muuza spea anatakiwa kuwa na daftari lenye safu ya kipimo kwa milimita, siyo safu ya jina la mali peke yake. Kila mteja anayeondoka bila kupata alichotaka, kipimo chake kiandikwe. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuambia cha kuagiza Mbeya au Dar es Salaam kuliko dalali yeyote.

BREKI NA MTEREMKO

Hasara ya dukani inaweza kufidiwa. Hasara ya mteremkoni haifidiki. Baiskeli nzito za zamani zina breki za fimbo: ukivuta mkono wa breki, fimbo za chuma huvuta raba mbili kuelekea juu zikabane upande wa ndani wa ringi, ule unaotazama habu. Ringi za baiskeli hizi zimekunjwa makusudi ili ziwe na mapito mawili ya raba hizo, moja kila upande wa mstari wa spoku.

Ringi ya mtumba wa kisasa haina mapito hayo. Imetengenezwa kwa breki za waya, ambazo hubana ubavu wa ringi kutoka pande mbili. Fundi akiifunga katika baiskeli ya breki za fimbo, gurudumu litazunguka vizuri na mteja ataondoka ameridhika, lakini raba hazitakuwa na mahali pa kubana. Hata pale umbo la ringi linapokaribiana, ringi ya 622 badala ya 635 inaweka uso wa ringi karibu na habu kwa milimita 6.5. Fimbo zilizopangwa kwa kipimo cha zamani hazitakuwa sahihi tena, na raba itabana nusu au itakwaruza muda wote.

Kuna kosa lingine la hatari zaidi, nalo ni kuvalisha tairi la 635 kwenye ringi ya 630 au ya 622. Linaingia kwa urahisi bila hata kutumia vijiti vya kufungulia tairi, na urahisi huo ndio dalili ya ugonjwa. Tairi lililolegea likijazwa upepo huweza kuruka nje ya ringi, na tyubu ikapasuka. Kwa mtu anayeteremka na viazi nyuma, huo ni mwisho wa safari.

Tukumbuke pia kwamba ringi za chuma zikilowa, raba ya breki hushika kwa shida mno. Katika mji wenye mvua kama Tukuyu hili ni jambo la karibu kila siku katika miezi ya masika. Kwa hiyo raba za breki ni bidhaa ya lazima dukani, na ni lazima ziwe za aina mbili: zile za fimbo na zile za waya. Hazibadilishani, kwa sababu mashikio yake na upande wa kubania ni tofauti.

NYUZI 24 NA NYUZI 26

Sehemu ya tatu ya biashara hii ni nyuzi, yaani mistari ya kukazia iliyochongwa katika nati, bolti na ekseli. Hapa ndipo fremu nyingi nzuri zimeuawa.

Ekseli ya pedeli inazunguka ndani ya bomba lililo chini ya fremu, ikishikwa na bakuli mbili za gololi zinazokazwa kwa nyuzi. Kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni nyuzi 24 kwa kila inchi. Raleigh, kwa fremu zake nyingi za zamani, ilitumia nyuzi 26 kwa inchi katika bomba hilo, na vilevile katika shingo ya uma wa mbele. Upana wa bakuli unakaribiana sana, hivyo bakuli ya nyuzi 24 huanza kuingia katika fremu ya nyuzi 26. Inazunguka mara moja au mbili, kisha inagoma. Fundi mwenye haraka huongeza urefu wa spana na kulazimisha. Bakuli itaingia, lakini itakuwa imekata nyuzi za fremu, na kuanzia siku hiyo hakuna bakuli itakayoshika vizuri humo.

Kipimo cha kutambua tofauti hiyo ni rahisi. Weka rula juu ya bakuli ya zamani, au juu ya shingo ya uma, na uhesabu nyuzi katika nusu inchi. Ukipata 12, ni nyuzi 24. Ukipata 13, ni nyuzi 26. Tofauti ni uzi mmoja tu, na uzi huo ndio unaotenganisha spea na msumeno. Njia nyingine ni kuziweka bakuli mbili ubavu kwa ubavu, nyuzi zikitazamana. Kama zinalala ndani ya mwenzake bila kuacha mwanga, ni sawa. Kama mwanga unapita, ziache.

Bakuli ya upande wa cheni katika fremu za Kiingereza hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Vivyo hivyo pedeli ya kushoto. Asiyejua hili hulegeza akidhani anakaza, au hukaza akidhani anafungua, na lawama humwangukia muuza spea.

Kwa ekseli za magurudumu, ya nyuma ya Kiingereza ina unene wa inchi 3/8, sawa na milimita 9.5, na nyuzi 26 kwa inchi. Ya kimetriki ina unene wa milimita 10, na umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 1. Nati ya milimita 10 itaingia kwenye ekseli ya inchi 3/8, lakini itacheza, na siku mzigo ukiwa mkubwa itaruka nyuzi na gurudumu litahama. Kanuni nzuri ni kuuza ekseli pamoja na koni na nati zake kama seti moja. Muuzaji anapata mauzo makubwa zaidi, na mteja anapata vitu vinavyolingana.

KOTA PINI, CHENI NA PEDELI

Kota pini, kile kipande cha chuma kinachoshikilia mkono wa pedeli kwenye ekseli, ni spea ndogo inayotoka kwa wingi, na inafaa mtaji mdogo. Hata hapa kuna vipimo viwili vinavyogongana. Za Raleigh ni milimita 9.5, wakati za baiskeli nyingi za bara la Ulaya ni milimita 9. Pini ya 9 katika tundu la 9.5 huzama kupita kiasi. Mikono ya pedeli haitakaa katika mstari mmoja, na kila hatua itagonga. Baada ya muda tundu hupanuka, na mkono mzima wa pedeli unatakiwa kubadilishwa. Mteja aliyejaribu kuokoa fedha kwa pini moja hulipia kifaa kikubwa. Rahisi ghali.

Cheni karibu zote zina umbali uleule wa nusu inchi kati ya pini na pini. Tofauti iko katika upana wa ndani. Za baiskeli zisizo na gia ni inchi 1/8, na za baiskeli zenye gia nyingi ni inchi 3/32. Cheni pana itatembea juu ya meno membamba, ingawa kwa kelele kidogo. Cheni nyembamba haiingii juu ya meno manene. Kwa hiyo anayeanza na mtaji mdogo aanze na cheni pana.

Pedeli za baiskeli nyingi za watu wazima zina uzi wa inchi 9/16. Baiskeli ambazo mikono yake miwili ya pedeli ni chuma kimoja kilichokunjwa, kama baadhi ya mitumba ya watoto, huchukua pedeli ya inchi 1/2. Ni vizuri kuwa na jozi chache za aina hiyo, lakini zisichanganywe katika boksi moja na nyingine.

Kuhusu ringi, baiskeli nzito za zamani zina matundu 32 ya spoku mbele na 40 nyuma. Mitumba mingi ina 36 mbele na nyuma. Anayenunua ringi za 635 kwa jumla ahakikishe zinakuja kwa jozi ya 32 na 40, vinginevyo atauza za upande mmoja na nyingine zitabaki ukutani kama mapambo.

PALE KUTOLINGANA KUNAPOLIPA

Isidhaniwe kwamba kila badala ni mbaya. Friwili ni mfano mzuri. Uzi wa Kiingereza wa kifaa hiki ulikubaliwa na viwanda vingi duniani, vikiwemo vya India, China na Japani, kwa hiyo friwili mpya ya Asia kwa kawaida huingia katika habu ya Kiingereza ya zamani bila ugomvi. Hapa mteja ana nafasi ya kuboresha baiskeli yake kuliko ilivyotoka kiwandani.

Baiskeli nyingi za zamani zilipangiwa barabara za tambarare. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 46 na friwili ina meno 18. Mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara 2.56, na baiskeli ya inchi 28 inasogea karibu mita 5.7. Ukifunga friwili ya meno 22, mzunguko mmoja unasogeza baiskeli karibu mita 4.7. Mwendo unapungua kidogo, lakini nguvu inayotakiwa kwenye pedeli inapungua kwa karibu asilimia 18. Kwa mtu anayepandisha mzigo kuja Bulyaga, hiyo ni nafuu anayoisikia magotini. Cheni itahitaji kuongezwa pingili mbili, yaani inchi 1, na hapo muuzaji ameuza vitu viwili.

Historia inaonyesha kwamba mchanganyiko uliofanywa kwa akili unaweza kuzaa soko zima. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, nchini Marekani, walichukua baiskeli kuukuu za Schwinn zenye matairi manene, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni hiyo mwaka 1933, wakazifunga breki imara zaidi, mikono ya breki ya pikipiki na gia za baiskeli nyingine, ili washuke na kupanda milima yao. Mashindano yao ya kuteremka, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack, kwa sababu habu za breki ya kukanyaga nyuma zilipata joto hadi grisi ikaungua, na ilibidi zijazwe grisi upya. Kufikia mwaka 1981 baiskeli ya milimani ilikuwa ikiuzwa madukani kutoka viwandani. Tairi la ringi ya 559 lililotajwa hapo juu, ambalo leo limejaa katika mitumba, lilienea duniani kwa njia hiyo.

Somo la Repack linahusu pia milima yetu. Baadhi ya mitumba ya Ulaya huja na habu yenye breki ya kukanyaga nyuma. Breki hiyo iko ndani ya habu, kwa hiyo mvua haiisumbui, na kwa mizunguko ya mjini ni nzuri. Lakini mteremko mrefu huipasha moto. Anayeifunga katika baiskeli ya mizigo asiondoe breki ya mbele.

USITUPE KILICHOTOKA

Ushauri wa mwisho ni kwa mwenye baiskeli anayeiona kama akiba. Ng'ambo wapo watu wanaokusanya baiskeli za zamani, na wanachothamini ni vifaa vilivyotoka kiwandani pamoja. Habu za gia za Sturmey-Archer, kwa mfano, kwa miaka mingi zilipigwa chapa ya mwaka wa kutengenezwa, na mnunuzi hulinganisha mwaka huo na umri wa fremu. Sturmey-Archer yenyewe ilinunuliwa na SunRace ya Taiwan mwaka 2000, na spea zake bado zinatengenezwa huko. Kwa hiyo habu iliyokufa leo inaweza kufufuliwa kesho.

Fundi akikutolea kifaa cha asili, kiombe, kipake mafuta na kihifadhi katika kopo. Fremu ambayo nyuzi zake hazijakatwa, ikiwa na vifaa vyake vya asili pembeni, daima ina soko pana kuliko ile iliyolazimishwa.

KWA UFUPI

Za kuanzia: raba za breki za aina zote mbili, cheni ya inchi 1/8, gololi, kota pini za 9.5, friwili za meno 18 hadi 22, pedeli za 9/16, na matairi ya 635 na 559.

Za kununua kwa oda ya mteja: matairi ya 590, 622 na 630, bakuli za ekseli ya pedeli za nyuzi 26, ringi za matundu 36, na kota pini za milimita 9.

Za kuacha: tairi lisilo na namba ya milimita ambalo huwezi kulijaribisha, bakuli isiyojulikana idadi ya nyuzi zake, na nati au koni zilizotenganishwa na ekseli zake.

Vifaa vya kazi kwa muuzaji: rula yenye inchi na milimita, bakuli moja ya nyuzi 24 na moja ya nyuzi 26 za kulinganishia, daftari, na kalamu. Vyote kwa pamoja vinaingia katika droo moja ya meza.